Kisima cha Kioo

Kila asubuhi ndoo ziligongana kisimani kwa Fundi Timazi. Wanawake walifika mapema na madumu yao. Kapi lililia, kamba ikashuka, na ndoo ikapiga maji huko chini, pwaa! Aliyemaliza kuchota alimpisha mwenzake. Habari za mtaa zilipita kutoka mdomo hadi sikio.

Fundi Timazi alikuwa mwashi. Nusu ya nyumba za mtaa ule alizijenga yeye, na hakuna ukuta wake uliopinda. Ndiyo maana watu wakamwita Timazi, kwa ile kamba yenye uzito mwishoni ambayo waashi hupimia kama ukuta umenyooka. Kisima alikichimba kwa mikono yake, miaka kumi na mmoja iliyopita. Kilikwenda chini mita nane. Alikizungushia matofali ya kuchoma toka chini hadi juu. Maji yake yalikuwa baridi na hayakuwa na chumvi. Fundi hakumtoza mtu hata senti. Sifa zilimtosha.

"Maji ya Fundi hata ukiyatia kwenye glasi huyaoni," majirani walisema. "Unaona glasi tu."

Zamani Fundi alikaa kibarazani na kikombe chake cha chai, akisikiliza maneno hayo. Sasa hakukaa tena. Alipita mlango wa nyuma akaenda kazini bila kuaga. Wanawake walimwona, wakashusha sauti. Nyumba ile ilikuwa na msiba, na msiba wenyewe ulikuwa bado mbichi.

Mjukuu wake wa kike alikuwa amefariki. Alikuwa na miezi minane.

Walimwita Kibonge. Mapaja yake yalikuwa na mikunjo mitatu mitatu, na shingo haikuonekana. Miezi sita ya kwanza alinyonya tu, na hakuugua hata mafua. Mama yake alikuwa msusi. Alisuka watu nywele huku mtoto amelala mgongoni. Baba yake, mtoto wa Fundi, alikuwa dereva wa lori, na siku nyingi alikuwa safarini. Mtoto alipoingia mwezi wa saba wakaanza kumpa uji, na baada ya uji, maji ya kunywa.

Ndipo tumbo lilipoanza. Kibonge aliharisha siku mbili, akapona. Akaharisha tena, akapona, lakini ile mikunjo ya mapaja ikapungua. Mara ya tatu hakupona. Macho yalizama. Alilia bila machozi. Siku ya tatu, mchana, walimfikisha zahanati. Muuguzi alimpokea, akaingia naye ndani mbio. Alipotoka, mikono yake ilikuwa mitupu.

Baada ya mazishi, nyumba ilitafuta wa kulaumiwa. Mke wa Fundi ndiye aliyeanza, mbele ya wageni waliokuja kutoa pole.

"Mtoto mzima hafi hivihivi," alisema. "Chupa hazikuoshwa. Mtu anashika nywele za watu kutwa, halafu anamshika mtoto. Mlitegemea nini?"

Mkwe wake, mama wa Kibonge, alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani. Alimtazama Fundi tu, kwa muda mrefu, kama mtu anayengoja kitu. Fundi aliangalia miguu yake.

Alijua mkwe wake anangoja nini. Miezi miwili nyuma, binti huyo aliinjika sufuria ya maji jikoni.

"Baba," alisema siku hiyo, "nesi amesema maji ya mtoto yachemshwe kwanza."

Fundi alicheka. "Yanayochemshwa ni maji ya mtaroni, mwanangu. Haya yamechujwa na ardhi yenyewe. Utamaliza mkaa bure."

Mke wake akacheka. Mwanawe, yule dereva, ambaye siku hiyo alikuwa nyumbani, naye akacheka. Binti akaipua sufuria, na hakuiinjika tena.

Neno moja tu la Fundi lingemkinga binti siku ile ya msiba. Fundi alinyamaza. Wiki iliyofuata mkwe alifunga nguo zake, akarudi kwa mama yake, upande wa pili wa mji. Hakugombana na mtu. Watu walikuwa wamezoea kumwita Mama Kibonge. Sasa hakuna aliyejua amwite nani.

*

Jioni moja Mwalimu wa sayansi wa shule ya msingi alibisha hodi. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mwendo wa haraka, na vidole vyake vilikuwa na vumbi la chaki.

"Pole tena na msiba, Fundi."

"Tumeshapoa, Mwalimu. Karibu ukae."

"Sikai. Nina kazi, na sina fundi mwingine wa kumwamini. Nataka unijengee kisima."

"Wapi? Uwanja wa shule?"

"Juu ya meza."

Fundi alidhani amesikia vibaya. Mwalimu akamweleza. Tangu mvua zianze, madawati mengi darasani kwake yalikuwa matupu. Watoto walikuwa wanaumwa matumbo. Alitaka kuwafundisha jinsi maji yanavyotembea chini ya ardhi.

"Nikieleza kwa mdomo, wote wanaitikia ndiyo," alisema. "Lakini hawaoni. Ardhi haina dirisha, Fundi. Nataka tuitie dirisha."

Fundi alikubali. Mikono yake ilihitaji kazi ya kumsahaulisha.

Alichukua vioo vya kabati kuukuu, akaviunga kwa gundi. Likawa sanduku refu kama mkono wa mtu mzima, jembamba kama tofali. Chini kabisa alitandaza udongo wa mfinyanzi, akaushindilia, maana maji hayaupenyi upesi. Juu yake akaweka kokoto ndogo zilizooshwa. Juu ya kokoto akaweka mchanga, ambao aliuchekecha mara mbili ingawa Mwalimu hakumwomba. Upande mmoja mchanga ulipanda kama kilima, upande mwingine ukashuka kama bonde. Huko bondeni akapitisha mpira mwembamba wa kutolea maji.

Kisha akasimamisha mrija wa plastiki mweupe, wenye vitundu chini, hadi kwenye kokoto.

"Hicho ni kisima chetu," Mwalimu alisema. "Na hapa juu, kilimani, nifukie hiki kikopo. Kitoboe kitako. Hiki ni choo."

Fundi alifukia kikopo pale alipoonyeshwa. Hakuuliza kwa nini pale.

"Mwalimu, hivi ni vitu vya wanasesere," alisema akijifuta mikono.

"Wanasesere hawaharishi, Fundi."

Mwalimu alijuta neno lilipokwisha kutoka. Fundi aligeuka, akaanza kukusanya vifaa vyake.

*

Siku ya somo, wazazi nao walialikwa. Walikuja wachache, wakasimama nyuma ya darasa. Fundi alisimama nao, kofia mkononi. Sanduku la kioo lilikuwa juu ya meza, mbele ya watoto.

Mwalimu alichukua kopo lenye kifuniko kilichotobolewa matundu mengi, akamwaga maji juu ya kilima.

"Hii ni mvua," alisema. "Maji yameenda wapi?"

"Yamepotea!" watoto walijibu.

"Njooni karibu. Angalieni kiooni."

Nyuma ya kioo, mchanga ulikuwa unabadilika rangi. Kuanzia chini ulikuwa umeloa, mweusimweusi. Juu ulikuwa na unyevu kidogo tu.

"Hayajapotea," Mwalimu alisema. "Yamejaa katikati ya punje za mchanga. Wengi wetu tunadhani huko chini kuna mto unaopita ndani ya pango. Mara nyingi hakuna mto. Kuna mchanga na mawe yaliyolowa, kama sponji. Kisima ni tundu tu, tulilotoboa kwenye sponji hilo."

Fundi alitikisa kichwa kukubali. Hilo alilijua. Alipochimba kisima chake, maji hayakuruka kama chemchemi. Yalitoka ukutani kama jasho.

"Je, maji haya yamelala au yanatembea?"

Watoto walibishana. Mwalimu akafungua mpira kule bondeni. Maji yakaanza kudondoka, tone baada ya tone.

"Yanatembea. Kwa kawaida yanaelekea bondeni. Polepole sana, mahali pengine hata hatua moja kwa siku hayafikishi. Lakini hayalali."

Akaingiza bomba la sindano kwenye mrija, akavuta. Maji yalikuwa maangavu. Kisha akachukua wino mwekundu, akaudondoshea ndani ya kile kikopo kilimani.

"Hii ni rangi tu. Ila sisi tuseme ni uchafu wa chooni. Sasa mvua inanyesha tena."

Darasa zima lilikaribia kioo. Chini ya kikopo lilitokea doa jekundu, dogo kama jicho. Likatanuka. Likaanza kuteremka, likiacha mkia nyuma yake. Mwalimu akavuta maji kisimani. Maangavu. Akavuta tena. Maangavu.

"Halifiki!" mtoto mmoja alisema.

"Ngojeni. Tazameni nikizidi kuvuta. Mnaona? Doa linakuja upesi zaidi. Tukichota sana, kisima kinayaita maji ya pande zote. Kinayaita pamoja na kilichomo."

Mvuto wa tano, maji yalikuwa na rangi hafifu, kama maji yaliyooshewa kidole kilichojikata. Mvuto wa nane yalikuwa mekundu kabisa.

Hakuna aliyepiga makofi.

"Na hapa tuna bahati," Mwalimu alisema. "Wino tunauona. Vijidudu vya kinyesi hatuvioni. Maji yanaweza kuwa maangavu, baridi, matamu, na yakawa na vijidudu hivyo. Macho hayawezi kutuambia."

Fundi akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Mwalimu, mchanga si unachuja? Sisi wajenzi tunajua. Maji ya matope ukiyapitisha mchangani yanatoka meupe."

"Unachuja, Fundi. Matope yanabaki, na vijidudu vingi hufa njiani. Lakini njia iwe ndefu, na mwendo uwe wa polepole. Njia ikiwa fupi, vinafika vikiwa hai. Ndiyo maana wataalamu wanashauri choo kiwe angalau mita thelathini kutoka kisimani, na kwenye mchanga mtupu hata zaidi. Kiwe upande wa chini, si upande wa juu. Na shimo lake lisikaribie maji yaliyo ardhini."

Msichana wa dawati la mbele alikuwa bado ameinamia kioo.

"Mwalimu!" aliita kwa furaha ya mtu aliyepata jibu. "Hivi ni kama kwa Fundi Timazi! Choo kiko juu, kisima kiko chini. Sisi tunachota pale."

Mwalimu aliweka bomba la sindano mezani.

"Mpishe mwenzako, naye aone," Mwalimu alisema haraka.

Lakini neno likitoka halirudi. Wazazi walimgeukia Fundi, kisha wakaangalia kwingine. Mama wa mapacha, jirani yake wa nyumba ya tatu, hakuangalia kwingine. Aliendelea kumtazama.

Fundi alikuwa anahesabu kichwani. Choo chake cha zamani kilikuwa bondeni, mbali na nyumba. Kilijaa miaka miwili iliyopita. Akachimba kipya kona ya juu, nyuma ya jiko, kwa sababu kule bondeni alipataka kwa kufyatulia matofali. Kutoka choo kipya hadi kisimani zilikuwa hatua kumi na nne. Alijua hesabu hiyo vizuri. Alizipima mwenyewe, akajisifu kwamba mkewe hatatembea mbali tena siku za mvua.

Akavaa kofia, akatoka.

Mwalimu alimkuta nje, ameegemea ukuta.

"Ulijua," Fundi alisema.

"Nilishuku. Siku ya msiba nilikiona choo chako. Sikujua nianzie wapi. Mtu amefiwa, utamwambia nini?"

"Ukaona nikijenge mwenyewe."

"Nilidhani mikono yako itaelewa kabla ya masikio. Kama nimekutonesha, nisamehe, mzee wangu."

"Bado haijathibitika," Fundi alisema.

"Kweli, bado. Lakini inapimika."

*

Mwalimu alimletea chupa ndogo aliyopewa na ofisi ya maji. Ndani kulikuwa na kikaratasi chenye dawa.

"Jaza maji ya kisimani," alieleza. "Funga, weka mahali penye joto. Yakigeuka meusi ndani ya siku tatu, jua yameingiwa na kinyesi. Yasipogeuka ni dalili njema, ingawa tutapima tena."

Fundi aliiweka juu ya kabati. Siku ya kwanza maji yalibaki kama yalivyo. Fundi alikula vizuri siku hiyo. Siku ya pili, mchana, alirudi kutoka kazini akamkuta mkewe ameishika chupa.

"Nani ametia masizi humu?" mkewe aliuliza.

"Hakuna aliyetia. Iweke chini, mke wangu. Ni maji yetu."

Alimweleza yote, tangu kilima cha mchanga hadi wino mwekundu. Mkewe alisikiliza akiwa amesimama. Kisha alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Fundi alitoa mfukoni pimamaji yake, kile kifaa cha waashi cha kupimia usawa wa ukuta, akakigeuzageuza.

"Miaka thelathini natembea na pimamaji," alisema. "Maji yenyewe sikuyapima hata siku moja."

"Na zile chupa za mtoto?" mkewe aliuliza kwa sauti ndogo.

"Alikuwa anaziosha. Kila siku alikuwa anaziosha. Na kila alipoziosha, aliziosha kwa maji haya."

Mkewe alifunika uso kwa mikono. "Nilimsema mbele za watu."

"Na mimi nilinyamaza mbele za watu."

Asubuhi iliyofuata wanawake walipofika walimkuta Fundi amepanda juu ya kisima. Alikuwa anafungua kapi.

"Kamba imekatika, Fundi?"

"Haijakatika. Maji haya si ya kunywa. Yana uchafu wa choo changu."

Walidhani anatania. Alishuka, akawaonyesha chupa. Wakarudi nyuma.

"Lakini sisi tunayanywa siku zote, mbona hatufi?" aliuliza mmoja.

"Mtu mzima tumbo linasokota siku mbili, anasema nimekula vibaya. Mtoto mdogo hana akiba ya nguvu. Maji ya mwilini yanamwisha upesi." Aliitazama chupa. "Mimi ninajua."

Mama wa mapacha alipita katikati ya wenzake. "Wanangu walilazwa wiki mbili," alisema. "Nilikuwa ninatoka wodini, nakuja kuchota kwako maji ya kuwapelekea. Nilikushukuru, Fundi. Nilikuombea heri."

Mama huyo alimwaga maji yaliyokuwa yamebaki kwenye dumu lake, akaondoka.

Mchana huo Fundi aliandika kwa rangi kwenye ukuta wa kisima, herufi kubwa: MAJI HAYA USINYWE. Mtaa ukaanza kuchota kwenye bomba la sokoni, mbali, na kila nyumba ikachemsha maji yake ya kunywa.

*

Siku ya Jumapili alivuka mji kwenda kwa mkwe wake. Alimkuta uani, anamsuka mteja. Binti alimwamkia kwa adabu, akamletea kiti, akarudi kusuka. Fundi aliomba mteja awapishe kidogo.

"Mwanangu," alisema, "si chupa zilizomwua mtoto. Ni maji yangu. Choo nilikiweka mahali pabaya. Na wewe ulitaka kuyachemsha, nikakucheka."

Binti alikuwa ameshika kitana. Hakukiweka chini.

"Nilijilaumu, baba," alisema. "Kila siku nilijiuliza ni siku gani sikuosha vizuri. Nilihesabu chupa. Nilihesabu siku. Nikafika mahali nikaamini kweli nimemwua mwanangu."

"Hukumwua."

"Siku ile ulicheka, na wote wakacheka kwa sababu wewe umecheka. Siku ya msiba ulijua kwamba nilitaka kuyachemsha, ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

"Hapa tuko wawili tu. Mama alinisema mbele za watu."

"Nitasema mbele za watu."

"Sema kwanza, baba. Mimi nitasikia nikiwa hukuhuku."

Fundi alirudi nyumbani peke yake. Wiki hiyohiyo aliita majirani wote uani kwake. Mwanawe alikuwa amerudi kutoka safarini. Mwalimu alikuja, na bwana afya wa eneo lile pia. Fundi alisimama mbele yao. Hakuwa msemaji. Alieleza choo, hatua kumi na nne, sufuria iliyoipuliwa, na ukimya wake. Alisema mkwe wake hakuwa na kosa hata chembe. Mkewe naye akasimama, akasema, "Mimi ndiye niliyemchafulia jina. Naomba anisamehe." Mwanawe alilia waziwazi, mwanaume mzima.

Bwana afya alipima uwanja kwa futi ya kamba. Choo kikafungwa. Shimo likamwagiwa chokaa, likafukiwa. Choo kipya kilijengwa bondeni, pale palipokuwa pa kufyatulia matofali.

"Sasa kisima kitakuwa salama?" Fundi aliuliza.

"Si kesho wala keshokutwa," bwana afya alisema. "Uchafu ulioko ardhini bado unatembea. Kisima kitapimwa na kupimwa tena."

Baada ya miezi mitatu walikipima. Chupa ikawa nyeusi. Baada ya miezi mingine mitatu, nyeusi tena. Mtaa ukaamua kuchimba kisima kipya juu kabisa ya mteremko, kwenye uwanja wa shule, mbali na choo chochote. Fundi alichimba bila malipo. Alikipa kifuniko cha zege, pampu ya mkono, na sakafu ya saruji yenye mfereji, ili maji yanayomwagika yasirudi ndani. Mwashi mmoja kijana alimwuliza kwa nini anapima kila kitu mara tatu. Fundi alipima mara ya nne.

Chupa ya kisima kile ilikaa siku tatu bila kubadilika. Wakapima tena baada ya mvua. Haikubadilika. Muhula ule, Mwalimu alisema, madawati yalijaa. Mama wa mapacha alichota huko kila siku. Salamu ya Fundi aliiitikia, lakini hakusimama.

Mkwe alirudi siku moja mchana, begi mkononi, bila kutoa taarifa. Mama mkwe wake alimpokea mlangoni. Hawakusema mengi. Walilia kwanza, kisha wakaingia jikoni.

*

Mwaka wa pili tangu arudi, binti alijifungua mtoto wa kiume. Alimnyonyesha miezi sita, bila kumpa kitu kingine. Mwezi wa saba ulipoingia, nyumba nzima ilijua siku gani mtoto atapewa maji kwa mara ya kwanza, ingawa hakuna aliyeitaja.

Siku hiyo binti aliteka maji kwenye kisima cha shule. Maji yalikuwa yamepimwa. Hata hivyo aliyachemsha hadi yakatokota kwa nguvu, akayafunika, akayaacha yapoe. Alinawa mikono kwa sabuni. Alichukua kikombe na kijiko vilivyochemshwa.

Fundi alitoka nje. Alisimama karibu na ukuta, akijifanya anakagua lipu.

"Baba, njoo," binti aliita.

"Niko sawa hapahapa."

"Njoo, baba."

Aliingia. Mkewe alikuwa amekaa kwenye kigoda, midomo ikitembea bila sauti. Mtoto alikuwa mapajani kwa mama yake, anarusha miguu. Binti alichota maji kwa kijiko, akamnyooshea Fundi.

"Mpe wewe."

Fundi alikishika kijiko. Mkono wake, uliojenga nusu ya mtaa ule, ulitetemeka hadi matone mawili yakadondoka. Binti alimshika kifundo cha mkono, akautuliza.

Mtoto alikunywa. Akakohoa kidogo. Akafumbua mdomo, akitaka tena.